Kuihamisha Kompyuta ya Mwalimu kutoka Windows hadi Linux

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka 2015. Watumiaji binafsi walipewa nafasi ya kujiandikisha ili walindwe kwa mwaka mmoja zaidi, lakini nafasi hiyo ilikuwa ya muda tu. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka kesho yake kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba mwanya wowote wa usalama unaogunduliwa katika mfumo huo, nje ya mpango huo wa muda, hauna tena fundi wa kuuziba.

Jambo hili lawagusa sana walimu-wanafunzi, kwa kuwa wengi wao huja chuoni na kompyuta mpakato zilizokwisha kutumiwa na watu wengine. Windows 11, iliyotolewa mwezi Oktoba 2021, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nzima ya mwaka 2015, yenye kioo kizuri na kibodi isiyo na kasoro, hukataliwa mlangoni.

Mwenye kompyuta ya namna hiyo hujiona ana njia tatu. Aweza kununua kompyuta mpya, kama uwezo anao. Aweza kuendelea na mfumo usiolindwa, huku akichomeka flashi kutoka kwa kila mtu. Au aweza kwenda kwa fundi wa mtaani akawekewa nakala isiyo na leseni, ambayo hana hakika imebeba nini ndani yake. Makala hii yakusudia kueleza njia ya nne, yaani kuiondoa Windows na kuweka Linux mahali pake. Tutaeleza maana ya badiliko hilo, nani anafaa kulifanya, maandalizi yake, hatua zake, na shida za siku za mwanzo. Mwishoni tutaonyesha jinsi kazi hii inavyofuata kanuni zile zile ambazo mwanachuo hufundishwa katika somo la mbinu za kufundishia.

Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama shule yenye majengo, madawati na wanafunzi, lakini haina ratiba wala mwalimu wa zamu. Vyote vipo, ila hakuna anayejua nani aingie darasa gani na kwa saa ngapi. Mfumo endeshi ndio unaogawa kumbukumbu kwa programu, unaopanga mafaili katika diski, unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kupeleka kurasa kwenye printa. Windows ni mfumo endeshi mmoja. Linux ni mwingine.

Katika maelezo haya limo jambo ambalo mwanachuo hana budi kulishika tangu mwanzo. Andalio la somo lililoandikwa ndani ya Windows si sehemu ya Windows. Ni faili tu, kama vile daftari si sehemu ya kabati lilimohifadhiwa. Kabati laweza kubadilishwa na daftari likabaki, maadamu daftari limetolewa kwanza kabla kabati halijavunjwa. Makosa makubwa ya kuhama, yale yasiyoweza kurekebishwa, hutokana na kulisahau jambo hili moja.

Historia ya Linux ni fupi. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi. Mwaka uliofuata kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GNU, na tangu hapo watu na makampuni ya nchi nyingi wameendelea kukijenga. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Kwa hiyo mwanachuo mwenye simu ya namna hiyo asidhani kwamba Linux ni mgeni kwake. Amekuwa akitembea nayo mfukoni.

Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji. Huunganishwa na programu nyingine na kutolewa kama mkusanyo kamili wenye jina lake. Mkusanyo mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004. Jina lake limetoka katika lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa kulieleza, kwa kuwa lina mzizi ule ule uliomo katika mtu na utu. Mkusanyo mwingine ni Linux Mint, ulioanza mwaka 2006 na ambao toleo lake kuu hujengwa juu ya Ubuntu. Katika makala hii tutaitumia Linux Mint kama mfano, kwa sababu sura yake yafanana na ile ambayo watumiaji wa Windows wameizoea: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, mstari wa kazi uko chini, na saa iko kulia.

Nani ahame, na nani asihame?

Sababu ya kwanza ya kuhama ni usalama. Mkusanyo wa Linux unaotunzwa hupata masasisho bila malipo, hata katika kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa. Linux Mint huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa gigabaiti 4 ndizo zinazopendekezwa ili kazi iende vizuri. Nafasi inayohitajika katika diski ni gigabaiti 20, na inayopendekezwa ni 100.

Sababu ya pili ni uhalali. Leseni ya Linux humruhusu mtu kunakili na kugawa. Faili moja lililopakuliwa kwa intaneti ya chuo laweza kunakiliwa kwa darasa zima, wala hakuna aliyevunja sheria. Jambo hili si dogo kwa mwalimu. Tunamwambia mtoto asinakili kazi ya jirani yake. Haifai nasi tumwambie hivyo huku tukiandaa mtihani wake kwa programu iliyoibwa.

Sababu ya tatu ni gharama. Mfumo, programu za kuandikia na michezo mingi ya kufundishia hupatikana bila kulipa. Gharama inayobaki ni ya intaneti ya kupakulia, flashi moja au mbili, na muda wa kujifunza.

Hata hivyo, wako wasiopaswa kuhama, na ni haki kuwataja. Anayetegemea programu ambayo imetengenezwa kwa Windows tu, na isiyo na mbadala wa kumfaa, asihame kabla ya kuupata mbadala huo. Microsoft Office inayowekwa katika kompyuta na Photoshop ni mifano ya programu ambazo hazikutengenezewa Linux. Mwenye kompyuta ya kuazima, au iliyotolewa na shule au ofisi, asiiguse pasipo idhini. Na mwanachuo aliyebakiza wiki mbili kuingia katika mazoezi ya kufundisha angoje mpaka arudi. Likizo ndiyo majira ya kazi hii.

Maandalizi

Mwalimu haingii darasani bila andalio, na kuhama nako kunataka andalio lake. Tunashauri mambo manne yafanywe, na yafuatane kama tunavyoyataja.

(a) Orodha ya kazi. Kwa muda wa wiki moja, mwanachuo aandike katika daftari kila kazi anayoifanya kwa kompyuta: kuandika maazimio ya kazi, kukokotoa wastani wa alama, kuchapa mitihani, kusoma barua pepe, kutazama video, kuunganisha na projekta. Mbele ya kila kazi aandike programu anayoitumia. Orodha hii ndiyo itakayomwonyesha anahitaji nini upande wa pili, na bila hiyo atahama kwa kubahatisha.

(b) Kuzizoea programu mpya kabla ya kuuhama mfumo. Hapa ndipo kanuni ya kutoka katika jambo linalojulikana kwenda katika lisilojulikana inapofanya kazi. Programu nyingi zinazotumika katika Linux zina matoleo ya Windows pia. LibreOffice, kwa mfano, ina Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali na Impress ya kuonyesha picha na maelezo ukutani. Kivinjari cha Firefox na kichezeshi cha VLC navyo vipo pande zote mbili. Mwanachuo aziweke programu hizo ndani ya Windows yake, azitumie kwa mwezi mmoja, kisha ndipo ahame. Siku ya kuhama atakuta mfumo ni mgeni, lakini meza yake ya kazi ni ile ile.

Yafaa kutaja hapa kwamba LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, nayo OpenOffice.org ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, katika mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. LibreOffice yaweza kuongezewa kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, jambo lenye manufaa kwa mwalimu anayeandaa mitihani katika lugha hii.

(c) Nakala za akiba. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika makala hii. Kuweka mfumo mpya juu ya diski nzima hufuta kila kilichomo. Alama za wanafunzi, maazimio ya kazi, ripoti za mazoezi ya kufundisha na picha za familia huondoka pamoja, na aghalabu haziwezi kurudishwa. Kwa hiyo nakala ziwe mbili, katika vyombo viwili tofauti, mathalani diski ya nje na flashi, na zisikae katika mkoba mmoja. Mwanachuo asinakili folda ya nyaraka peke yake. Mafaili mengi ya watu hukaa kwenye uso wa kompyuta na katika folda ya vilivyopakuliwa. Aandike pia maneno ya siri ambayo kivinjari kilikuwa kikimkumbushia, na daftari hilo alitunze mahali pa usalama.

Kisha azikague nakala hizo. Kunakili si ushahidi kwamba faili limefika zima. Achukue flashi, aende kwenye kompyuta ya mwenzake, afungue mafaili matano au sita ya aina mbalimbali na kuyasoma. Nakala ambayo haijafunguliwa bado si nakala, ni matumaini.

(d) Kuchunguza kufuli la diski. Kompyuta nyingine za Windows hufungwa kwa BitLocker, yaani diski husomeka kwa ufunguo maalumu tu. Mwenye kompyuta ahakikishe anao ufunguo huo wa kurejeshea, ameuandika nje ya kompyuta, kabla hajabadilisha mpangilio wowote wa kuwashia. Vinginevyo kompyuta yaweza kumdai ufunguo asioujua, na mafaili ambayo hakuyanakili yakabaki ndani.

Hatua za kuhama

1. Kupakua. Faili la Linux Mint, lenye ukubwa wa takribani gigabaiti 3, lipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint, si kwingineko. Matoleo ni matatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Xfce ndilo jepesi zaidi, na lafaa kompyuta dhaifu.

2. Kuandaa flashi. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Faili halinakiliwi hivi hivi kama wimbo. Huandikwa kwa programu maalumu, mathalani Rufus au balenaEtcher, ili kompyuta iweze kuwaka kutoka katika flashi hiyo. Kila kilichokuwamo kwenye flashi hufutika, basi isiwe ile yenye nakala za akiba.

3. Kuwasha kutoka katika flashi. Kompyuta izimwe, flashi ichomekwe, kisha iwashwe huku kitufe cha menyu ya kuwashia kikibonyezwa. Kitufe hicho hutofautiana kwa watengenezaji. Mara nyingi ni F12, F9, F2 au Esc.

4. Kujaribu kabla ya kuweka. Linux Mint huwaka na kutumika kutoka katika flashi bila kuigusa diski ya kompyuta. Hii ni nafasi ambayo mwanachuo asiipuuze. Akae nayo saa moja au mbili, akitumia orodha yake ya maandalizi kama karatasi ya ukaguzi. Je, intaneti isiyo na waya inakamata? Sauti inatoka? Kamera inaona? Kioo kinafifishwa na kung'arishwa? Printa ya chuo inachapa? Projekta inaonyesha? Hesabu hizi zifanywe sasa, kwa sababu baadhi ya vifaa, hasa vya intaneti isiyo na waya, huhitaji programu ya ziada ndipo vifanye kazi. Mfumo ukiwa kwenye flashi huenda polepole kidogo. Hilo lisimvunje moyo.

5. Kuchagua kati ya kuhama kabisa na kukaa na mifumo miwili. Programu ya kuwekea huweza kuifuta Windows au kuiacha na kuigawa diski. Mifumo miwili humpa mtumiaji nafasi ya kurudi, lakini ina masharti yake. Diski iwe na nafasi ya kutosha. Windows izimwe kikamilifu, si kwa ule uzimaji wa haraka unaoacha diski ikiwa nusu wazi. Saa nayo yaweza kupishana: mfumo mmoja huisoma saa ya ndani ya mashine kama saa ya mahali, na mwingine huisoma kama saa ya dunia, hivyo kwetu Afrika Mashariki tofauti ikatokea ya saa 3. Kwa mwenye diski ndogo na nakala zilizokaguliwa, kuhama kabisa ni rahisi zaidi.

6. Kuweka. Kompyuta iunganishwe na umeme, na betri iwe imejaa, ili umeme ukikatika kazi isikatike. Mtumiaji huulizwa lugha, aina ya kibodi, mahali alipo, jina na neno la siri. Neno hilo aliandike vizuri mahali pa salama, kwa sababu ataulizwa kila atakapotaka kuongeza programu au kubadili mfumo. Swali la diski ndilo la kusomwa mara mbili, na pasipo haraka, maana ndilo lenye kufuta. Katika kompyuta nyingi kazi nzima huisha kabla ya saa moja.

7. Kumalizia. Mfumo ukisha kuwaka, mtumiaji apokee masasisho, aongeze programu alizoorodhesha, kisha arudishe mafaili yake kutoka kwenye nakala. Zile nakala asizifute. Zikae angalau muhula mmoja.

Siku za mwanzo

Mambo machache humshangaza kila anayehama, na ni bora ayajue mapema.

Hakuna diski iitwayo C. Mafaili ya mtumiaji hukaa katika folda yake ya nyumbani, na flashi ikichomekwa huonekana kando yake. Aidha Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili: Alama.ods na alama.ods ni mafaili mawili. Mwalimu aliyezoea kuandika majina ovyo atajifunza nidhamu hapa.

Programu hazitafutwi huku na huko katika intaneti. Huchukuliwa katika ghala la mkusanyo wenyewe, kwa kuandika jina na kubonyeza. Mafaili ya kuwekea programu za Windows, yale yanayoishia na herufi exe, kwa kawaida hayafanyi kazi. Hali hiyo ni usumbufu, lakini pia ni kinga, kwa maana virusi vingi vinavyosambaa kwa flashi vilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Hata hivyo tusijidanganye kwamba Linux haina hatari. Neno la siri la kukisiwa kwa urahisi na barua pepe ya kitapeli humwangusha mtu katika mfumo wowote.

Nyaraka za Word hufunguka katika Writer, lakini mpangilio waweza kusogea, hasa penye majedwali, fremu na hesabu. Sehemu ya tatizo hutokana na herufi. Linux haiji na Times New Roman. Badala yake kuna Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na ile, ili mistari ikatike pale pale. Kwa Calibri ipo Carlito, iliyotengenezwa kwa lengo hilo hilo. Kanuni ya kutumia ni hii: waraka unaokwenda kuchapwa au kusomwa tu upelekwe katika umbo la PDF, ambalo halisogei, waraka ambao mwenzako ataurekebisha katika Word uhifadhiwe katika umbo la docx. Mtihani wa wanafunzi usipelekwe kuchapwa kabla ya kutazamwa ukurasa kwa ukurasa.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi zipo pia programu za watoto. GCompris, iliyoanza mwaka 2000 nchini Ufaransa, ni mkusanyo wa michezo ya kuhesabu, kusoma, kutambua saa na mengineyo, kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Jina lake hutamkwa kama maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nimeelewa". Tux Paint ni programu ya kuchorea. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti zikisha kuwekwa, na zote zapatikana kwa Windows pia, hivyo zaweza kujaribiwa mapema.

Funzo kwa mbinu za kufundishia

Tungependa sasa kuyatazama haya yote kwa jicho la mwalimu.

Kwanza, anayehama hurudi kuwa mwanafunzi. Mtu aliyekuwa akifanya kazi bila kufikiri hujikuta akitafuta kitufe cha kuhifadhi kwa dakika tatu. Huona haya, hukasirika, husema kwamba mfumo huu haufai. Mtoto wa darasa la pili anayebadili kutoka kuhesabu kwa vijiti kwenda kuandika hesabu kwa tarakimu hupita njia ile ile, ila yeye hana uwezo wa kurudisha vijiti na kusema tarakimu hazifai. Mwalimu aliyeonja ugumu huo hivi karibuni atamvumilia zaidi mtoto huyo.

Pili, msaada usiwe wa kunyang'anya. Mwanachuo anayejua akimwona mwenzake amekwama, hushika kipanya, hubonyeza mara nne, na kusema "tayari". Mwenzake amesaidiwa, lakini hakufundishwa. Mikono ya anayejifunza ndiyo ikae kwenye kibodi. Anayefundisha atumie maneno na kidole. Ni kanuni ile ile ya kumwachia mtoto chaki.

Tatu, badiliko hudumu pale watu wanapoandaliwa. Katika jimbo la Kerala nchini India, mradi wa IT@School ulianzishwa mwaka 2001, na baadaye shule za serikali za jimbo hilo zikaingia katika mfumo wa Linux. Walimu walipewa mafunzo, na baadhi yao wakawa wakufunzi wa wenzao. Kinyume chake tuutazame mji wa Munich, Ujerumani. Baraza la mji liliamua kuhama mwaka 2003, na kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini mwaka 2017 baraza hilo hilo lilipiga kura kurudi Windows. Sababu zilizotajwa zilibishaniwa sana, za kiufundi na za kisiasa. Kwetu inatosha kuona kwamba mashine kuwaka si mwisho wa kazi. Anayeitumia asipoelewa kwa nini alihamishwa, hatakosa siku ya kutaka kurudi.

Kwa sababu hiyo tunashauri wanachuo wasihame mmoja mmoja katika upweke. Watu wanne au watano wa bweni moja wahame pamoja, wakitumia flashi moja, wakikaguliana nakala za akiba kabla ya yeyote kufuta kitu, na wakiwa na daftari moja la matatizo. Kila tatizo lililotatuliwa liandikwe humo kwa Kiswahili chepesi: kilichotokea, kilichojaribiwa, kilichofaa. Daftari hilo litakuwa zana ya kufundishia kwa wanachuo wa mwaka utakaofuata.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuihamisha kompyuta kutoka Windows hadi Linux ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mwanachuo yeyote anayeweza kusoma maelekezo na kuyafuata kwa mpango. Sehemu ngumu si kuuweka mfumo, ambako huchukua muda mfupi, bali ni maandalizi yanayotangulia na uvumilivu unaofuata. Anayehama kwa haraka aweza kupoteza kazi ya miaka mitatu kwa kitufe kimoja. Anayehama kwa mpango huipa kompyuta ya zamani miaka mingine ya utumishi, na huingia kazini akitumia chombo ambacho anaweza kumgawia mwenzake bila hofu wala aibu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini yafaa kuzizoea programu mpya kabla ya kuuhama mfumo? Husisha jibu lako na kanuni moja ya kufundishia unayoijua.

2. Tengeneza orodha ya kazi unazozifanya kwa kompyuta kwa wiki moja. Ni zipi ambazo zingekuzuia kuhama sasa? Toa sababu.

3. Mwanachuo mwenzako amenakili mafaili yake katika flashi moja, hakuyafungua, na anataka kuanza leo. Utamshauri nini, na kwa maneno gani ambayo hayatamwaibisha?

4. Andaa somo la dakika 40 la kumfundisha mwalimu mzee wa shule ya msingi, ambaye hajawahi kuiona Linux, jinsi ya kuandika na kuhifadhi mtihani katika Writer. Onyesha ni wakati gani mikono yake itakuwa kwenye kibodi, na ni wakati gani yako.